Taya Lisilokutana na Mwenzake

Mtazame mtu anavyokula hindi la kuchoma. Wengi wetu tunalipeleka mdomoni, meno ya mbele ya juu na ya chini yanakutana kama mkasi, punje zinang'oka safu kwa safu. Lakini yuko mwingine ambaye hupukuchua punje kwa kidole gumba, akazikusanya kiganjani, kisha akazitupia mdomoni kama karanga. Ukimuuliza, atakuambia ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Andazi hulikata kwa mkono. Muwa haumenyi kwa meno, huomba kisu. Chapati huikunja na kuisukuma hadi kwenye magego, kwa sababu huko ndiko meno yake yanakogusana. Mbele, hata akiuma kwa nguvu zake zote, unabaki uwazi wa kupitisha ncha ya ulimi.

Mtu huyo huenda hajawahi kujiona mgonjwa. Meno yake yanaweza kuwa mazima, meupe, bila hata tundu moja. Kasoro iko kwenye mifupa inayoyabeba: taya la juu na taya la chini hayakukua kwa kulingana. Upasuaji wa kurekebisha mataya ulibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, na swali linalowasumbua wengi ni nani hasa anayeuhitaji. Jibu langu niliseme mapema: kioo peke yake hakiwezi kuliamua. Taya ni kiungo cha kazi. Linatafuna, linaupa ulimi nafasi, linaiachia hewa njia, linasaidia kutamka. Anayetaka kujua kama taya lake linahitaji kisu aanze kwa kuzikagua kazi hizo.

Kwanza tutenganishe jino na mfupa. Waya za meno husogeza jino ndani ya mfupa wake, milimita chache huku na kule. Kwa mtoto anayekua, daktari anaweza kufanya zaidi ya hapo: kuna vifaa vya kuvaa mdomoni vinavyolihimiza taya la chini kuja mbele, na vingine vya kufunga usoni vinavyolivuta la juu. Vifaa hivi vinategemea ukuaji, hivyo faida yake ni kubwa kabla ya kubalehe au wakati wa kubalehe wenyewe. Ukuaji ukisha, njia zinazobaki ni tatu tu. Unaweza kuacha mambo yalivyo. Unaweza kuificha tofauti kwa kuyalaza meno, mara nyingi baada ya kung'oa mawili au manne ili kupata nafasi. Au unaikata mifupa na kuipanga upya. Njia ya kuficha inafaa tofauti ikiwa ndogo. Tofauti ikiwa kubwa, meno yanalazimishwa kuinama hadi mizizi inakaribia kutoka nje ya mfupa, fizi zinashuka, na baada ya miaka kadhaa mgonjwa anarudi na tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aligawa namna meno yanavyokutana katika makundi matatu, akitumia gego la kwanza la kudumu kama alama. Kundi la kwanza magego yamekaa sawa, hata kama meno ya mbele yamesongamana. La pili, meno ya chini yako nyuma kuliko inavyotakiwa. La tatu, yametangulia. Madaktari bado wanatumia mgawanyo huo hadi leo. Angle, hata hivyo, alikuwa akiyatazama meno. Mfupa ulianza kupimwa vizuri mwaka 1931, Holly Broadbent wa Cleveland alipobuni kifaa cha kushikilia kichwa ili eksirei ya ubavuni ipigwe kwa namna ile ile kila mara. Picha hizo zilifichua jambo ambalo macho hayalioni kwa urahisi: watu wawili wenye kidevu kilichochomoza sawasawa wanaweza kuwa na kasoro tofauti kabisa. Mmoja ana taya la chini refu. Mwingine taya lake la chini halina neno, ila la juu limebaki nyuma na katikati ya uso imebonyea. Huyu wa pili ukilirudisha taya lake la chini ili meno yakutane, umekipunguza kiungo kizima na kuubana ulimi, na kile kifupi umekiacha vile vile. Ndiyo maana daktari anayetoa uamuzi kwa kukutazama usoni tu, bila picha na vipimo, hajafika kwenye uamuzi bado.

Je, tofauti iwe kubwa kiasi gani? Nchini Uingereza, mwaka 2014, wataalamu walichapisha kipimo cha ngazi tano cha kutambua wenye uhitaji wa upasuaji huu kwa sababu za utendaji. Ngazi ya juu kabisa inawachukua watu ambao meno yao ya mbele ya juu yameyatangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 9, au ya chini yameyatangulia ya juu kwa milimita 3 au zaidi, au ambao uwazi wa mbele wanapouma umefika milimita 4. Milimita 4 ni kitu kidogo, kama sarafu mbili zilizobebana. Lakini weka sarafu mbili kati ya meno ya mbele kisha ujaribu kukata kipande cha nyama ya mbuzi, utaelewa kwa nini zinatosha kumpeleka mtu kwa mpasuaji.

Katika ngazi hiyo hiyo wamo wanaokosa hewa usingizini ambao tiba nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Hawa wengi hawajui kwamba tatizo lao linaweza kuhusiana na taya. Mtu anakoroma, kisha mkoromo unakatika ghafla, kimya sekunde kumi au zaidi, halafu anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama anayetoka majini. Shahidi ni mwenza wake wa kitandani, maana mwenyewe anachokijua ni kwamba anaamka amechoka na mchana anasinzia kwenye daladala. Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu, na mwenye nao huanza na kupunguza uzito, mashine ya kusukuma hewa usiku au kifaa cha mdomoni. Kwa wengine, hasa wenye mataya yaliyokaa nyuma, mpasuaji huyaleta yote mawili mbele, kwa kawaida kama milimita 10. Ulimi na kaakaa laini huvutwa pamoja nayo, na njia ya hewa nyuma yake inapanuka. Mgonjwa wa namna hii pengine hajali kabisa sura yake. Anachotaka ni kulala.

Huku kwetu kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya nchi tajiri hukigusia kwa haraka. Mtoto anaanguka kutoka juu ya mwembe, anatua kwa kidevu. Kidevu kinashonwa nyuzi tatu, familia inashukuru Mungu. Hakuna anayekumbuka kwamba pigo la kidevu husafiri kwenye mfupa hadi kiungo kilicho mbele tu ya sikio, na huko kichwa cha taya kinaweza kuwa kimepasuka. Miezi inapita, kinywa kinafunguka kwa shida zaidi kila siku, hadi kijiko hakipiti. Kiungo kimegandamana, mfupa na mfupa. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kufika kwenye kiungo hicho na kuleta matokeo yale yale. Kwa kuwa eneo hilo lina sehemu katika ukuaji wa taya, upande ulioumia unabaki mfupi na uso unapinda kuelekea huko. Zikiganda pande zote mbili, kidevu kinarudi nyuma hadi kinakaribia kupotelea shingoni, na mtoto anaanza kuhangaika kupumua usiku. Hapa kazi ya kwanza ya mpasuaji ni kukifungua kiungo, na mgonjwa hulazimika kufanya mazoezi ya kufungua kinywa kwa miezi mingi, yenye maumivu, la sivyo kinaganda tena. Taya lenyewe hurefushwa kwa hatua yake. Mzazi ambaye mtoto wake ameangukia kidevu asiridhike na mshono. Ampeleke akapimwe, na wiki zinazofuata aangalie kama vidole vitatu vya mtoto mwenyewe, vikisimamishwa, bado vinaingia kati ya meno yake.

Ajali za bodaboda zinaleta kundi jingine: watu wazima waliovunjika mataya, wakachelewa kutibiwa au mifupa ikaunga vibaya, na sasa meno hayakutani tena. Mfupa ulioungana kombo hukatwa upya na kurudishwa mahali pake. Na wapo waliozaliwa na mdomo au kaakaa iliyo wazi, hali inayompata takriban mtoto mmoja katika kila 700. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na CoRSU ya Uganda zimewashona watoto wengi, na picha za kabla na baada zinafurahisha kila anayeziona. Wazazi wachache huambiwa sehemu inayofuata. Makovu ya kaakaa iliyozibwa hulizuia taya la juu kukua kwa baadhi ya watoto, na wakifika umri wa ujana katikati ya uso inaonekana imezama. Mshono wa utotoni ulikuwa wa lazima na faida yake ni kubwa. Familia inapaswa tu kujua kwamba safari inaweza kuwa na kituo kingine mbele.

Yuko pia mtu ambaye hapaswi kuanzia kwa mpasuaji wa mataya hata kidogo. Ni yule aliyefika miaka 35 au 40 na ghafla kidevu kinaanza kuchomoza, meno yanaachana, pete haivuliki, viatu vya mwaka jana vinabana. Mfupa wa taya wa mtu mzima haurefuki wenyewe. Hapo inashukiwa tezi iliyo chini ya ubongo, inayomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, na tiba huanzia huko. Ukilikata taya huku homoni inaendelea kumwagika, umepoteza kazi.

Sasa niseme kuhusu uzuri, maana hapa ndipo ninapoona hatari zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili. Vipimo vingi vya eksirei vinavyofundishwa duniani vilitokana na nyuso za Wazungu. Nyuzi 82 kwa taya la juu na 80 kwa la chini, takwimu ambazo kila mwanafunzi wa fani hii huzikariri, zilitoka Marekani katikati ya karne iliyopita. Uchunguzi wa watoto wa Kikuyu uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha mataya na meno ya mbele yaliyotangulia zaidi kuliko viwango hivyo, na watoto hao hawakuwa na kasoro yoyote. Uso wenye midomo iliyojaa na meno yaliyoelekea mbele kidogo ni uso wa kawaida wa watu wengi wa Afrika Mashariki. Mtaalamu anayeupima kwa rula ya Marekani atauita mgonjwa. Watu wa pwani tuliusifu mwanya, ambao kwingine watu hulipa fedha ili uzibwe. Kwa hiyo ukiambiwa mataya yako yamezidi, uliza: yamezidi ukilinganisha na ya nani?

Hata hivyo, sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba kuhuzunika kwa sababu ya sura ni majivuno. Binti anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, kijana aliyepewa jina la utani shuleni na likamfuata hadi kazini, hao wana mzigo halisi. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi uwe wao. Mchumba, mzazi au rafiki asiwe ndiye anayetaka taya lingine kwa niaba yao.

Upasuaji wa mataya wenyewe ulianza na mgonjwa wa moto. Mwaka 1849, katika mji wa Wheeling nchini Marekani, Simon Hullihen alimpokea msichana wa miaka 20 aliyeungua shingo na kidevu akiwa mtoto mdogo. Kovu lilikuwa limejikunja mwaka hadi mwaka, likalivuta taya la chini mbele na mdomo chini, asiweze kuufunga. Hullihen alikata kipande cha mfupa kila upande akairudisha sehemu ya mbele nyuma, kisha katika upasuaji mwingine akalishughulikia kovu la shingo na mdomo. Yeyote aliyemwona mtoto aliyeungua kwa jiko la mkaa au sufuria ya uji anaelewa mara moja kilichokuwa kikimsumbua yule msichana. Kovu hujikunja polepole na mfupa hulitii.

Kwa karibu karne nzima baadaye wapasuaji walifika kwenye mfupa kupitia ngozi, wakaacha alama shavuni. Aliyebadilisha mambo ni Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria, ambaye mwaka 1953 mjini Graz alilikata taya la chini akipitia ndani ya kinywa. Ukataji wake unafanana na kazi ya seremala anayepasua ubao kwa unene wake: sehemu ya nyuma ya taya inagawanywa kuwa mabamba mawili, la nje linabaki na kiungo, la ndani linabaki na meno. Mabamba yanateleza moja juu ya jingine, mbele au nyuma, na bado yanagusana kwa eneo pana, kwa hiyo mfupa unaunga upesi. Kwa taya la juu njia ilikuwa imechorwa na Mfaransa René Le Fort, ambaye mwaka 1901 alipiga vichwa 35 vya maiti kwa nguvu mbalimbali na kugundua kwamba uso hupasuka kwa kufuata mistari ile ile. Mstari wa chini kabisa, unaopita juu ya mizizi ya meno, ndio wapasuaji waliokuja kuufuata kwa makusudi. Taya la juu lililokatwa hapo linabaki likining'inia kwenye nyama ya kaakaa, na damu inayopita humo inatosha kulilisha.

Leo mgonjwa hupitia hatua ndefu kabla ya siku yenyewe. Waya za meno huvaliwa miezi 12 hadi 18 kwa kawaida, na hapa kuna jambo ambalo huwavunja moyo wengi wasipoelezwa: meno yanapangwa kulingana na taya lake, hivyo kwa muda kuuma kunazidi kuwa kubaya, na mwenye kidevu kilichochomoza anaonekana kimetoka zaidi. Halafu inakuja nusu kaputi. Mrija wa kupumulia hupitishwa puani, kwa sababu mpasuaji anahitaji kuyafumba meno mara kwa mara aone kama yamekutana. Kati ya meno huwekwa kibao chembamba cha plastiki chenye alama ya kila jino, kilichotengenezwa kwa vipimo vya kabla, na mfupa hauna pa kwenda ila pale kibao kinapouelekeza. Kisha vibati vya titani vinafungwa kwa skrubu ndogo. Zamani mataya yalifungwa pamoja kwa waya wiki sita, mgonjwa akila kwa kunyonya. Vibati vimewapunguzia wengi adhabu hiyo, na kwa kawaida hubaki humo maisha yote.

Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Chakula ni uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa, parachichi lililosagwa, kisha wali laini na ndizi za kuponda, kwa wiki sita hivi. Karibu kila mgonjwa hupungua uzito. Waya huendelea miezi sita hadi mwaka.

Hatari zipo: damu, maambukizi, mfupa kurudi kidogo ulikotoka hasa ukiwa umesogezwa mbali. Inayopaswa kuzungumzwa kwa kirefu ni ganzi. Ndani ya taya la chini kuna mfereji wenye mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu, na ule ukataji wa Obwegeser hupita jirani yake. Wagonjwa wengi huamka mdomo wa chini ukiwa umekufa ganzi, kama waliotoka kung'oa jino, ila haiishi jioni ile. Mdomo unacheza vizuri, lakini haupokei habari: chai inamwagika kidevuni na mtu hajui hadi aone doa kwenye shati. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya miezi au mwaka, ikianza na mwasho na michomo midogo. Kwa baadhi, sehemu fulani hairudi kabisa, na wenye umri mkubwa wako kwenye uwezekano zaidi. Mtu aulizwe kabla: ungekubali kubadilisha kuuma vizuri na sehemu ya kidevu isiyohisi? Wengi husema ndiyo. Lakini waseme hivyo wakiwa wameelewa.

Umri nao una sauti yake. Taya la chini hukua hadi mwisho kabisa wa ujana, kwa wavulana mara nyingi kupita miaka 18, na likikatwa mapema linaweza kuendelea na safari yake. Mpasuaji makini hulinganisha picha zilizopigwa kwa miezi kadhaa kabla ya kushika kisu. Watoto wachache hawawezi kusubiri. Mtoto mchanga aliyezaliwa na taya dogo sana, ulimi ukimziba koo, anaweza kurefushiwa mfupa kwa kifaa kinachofunguliwa takriban milimita moja kwa siku, mbinu iliyotokana na kazi ya Gavriil Ilizarov ya kurefusha miguu kule Kurgan, Urusi, ikatumika kwenye taya la binadamu na kuchapishwa mwaka 1992.

Wapasuaji wa kinywa na mataya wanafundishwa hapa kwetu, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa hiyo kwa wengi hakuna haja ya kuanza na ndoto ya kwenda India. Ugumu mkubwa uko kwenye waya. Mfupa hukatwa siku moja, lakini waya hukazwa kila baada ya wiki kadhaa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, na madaktari bingwa wa kazi hiyo wako mijini. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kabla ya kuuliza bei ya upasuaji, uliza ni nani atakayekaza waya mwezi wa nne baada ya upasuaji, yuko mji gani, na nauli ya kumfikia ni kiasi gani.